Saizi ya Lebo na Mwili Ulio Ndani ya Nguo

Hotuba kwa mafundi cherehani na akina mama, Kongowea, Mombasa. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika.

Assalaam alaikum. Hamjambo nyote. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi mafundi mlioacha cherehani zenu Jumamosi asubuhi, siku ambayo ndiyo ya wateja, ahsanteni sana kwa kuja.

Tuanze na sketi hizi tatu. Zimetoka sokoni hapa hapa, kwenye mitumba. Zote nyeusi, zote za kitambaa kisichovutika. Ya kwanza lebo yake inasema 14. Ilishonwa kwa soko la Uingereza. Ya pili inasema 10; ya Marekani. Ya tatu inasema 46, ya Italia. Tuzilaze mezani, moja juu ya nyingine, tuzisawazishe kiunoni. Mnaona? Zinakaribiana hata huwezi kusema ipi ni ipi.

Sasa tuulizane. Aliyevaa ya 46 ni mnene kuliko aliyevaa ya 10? Na yule dada anayeinama kwenye rundo, akapata sketi nzuri ya kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza, akasoma 46, akaitupa kama imemchoma mkono, amekataa nini? Sketi ingemkaa. Amekataa nambari, na nambari yenyewe haipimi chochote. Si inchi. Si sentimita. Si kilo.

Haya mambo yalianzaje? Mwaka 1939 na 1940, Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwapeleka wapimaji katika majimbo kadhaa wakapime wanawake. Msishangae kwamba ni kilimo. Idara ya mambo ya nyumbani ilikuwa chini ya wizara hiyo. Kazi iliongozwa na Ruth O'Brien na William Shelton. Walipima karibu wanawake 15,000, kila mmoja vipimo 59, tangu shingo hadi kifundo cha mguu. Shida waliyotaka kuitatua mafundi mnaijua: watu walikuwa wakinunua nguo kwa posta, zinafika, hazikai, zinarudishwa, na hasara inaingia kwa muuzaji.

Lakini ni nani aliyepimwa? Waliohesabiwa kwenye matokeo walikuwa wanawake weupe peke yao. Mwanamke mweusi wa Marekani kwao hakuwamo. Mwanamke wa pwani yetu, mwenye kiuno chembamba na makalio yaliyojaa, nani angemkumbuka? Na hata kwa hao waliopimwa, jibu lilikuwa gumu. Ukijua kifua cha mwanamke, bado hujajua makalio yake. Miili haikukubali kupangwa kwenye mstari mmoja.

Baada ya kazi hiyo kupitiwa upya, mwaka 1958 ikatoka saizi rasmi ya Marekani, kuanzia 8 hadi 38, na herufi za mrefu, wa kati na mfupi. Ikarekebishwa mwaka 1970. Mwaka 1983 serikali ikaifuta kabisa. Tangu hapo kila kampuni ya Marekani inaweka nambari inayoitaka. Na kampuni zikaona jambo moja: mwanamke akiingia kwenye nguo yenye nambari ndogo, hufurahi na kununua. Basi nambari zikaanza kushuka huku nguo zikipanuka. Saizi 8 ya mwaka 1958 ilikuwa ya kifua cha inchi 31 na kiuno cha inchi 23 na nusu. Saizi 8 ya miaka yetu hii kiuno chake ni inchi 27 au zaidi. Wale wembamba wakakosa nambari chini yao, ndipo zikatungwa saizi 0, na chini yake 00. Mwanamke anawezaje kuvaa sifuri? Ana mwili, ana mifupa, amesimama mbele yako!

Kwa hiyo mtu aliyevaa saizi 12 tangu aolewe, na leo bado anavaa 12, asichukue hiyo kuwa ushahidi kwamba mwili wake haujabadilika. Huenda 12 ndiyo iliyobadilika. Na aliyekuwa 14 akanunua nguo mpya ya dukani iliyoshonwa kwa soko la Asia, akaambiwa yeye ni XXL, naye asirudi nyumbani analia. Mwili wake wa jana ndio wa leo.

Hiyo ni lebo. Sasa tuseme juu ya jicho, kwa sababu jicho nalo hubadilika saizi.

Hapa kwetu mtu akikutana nawe baada ya mwezi, salamu ya kwanza ni mwili. "Mashallah, umenawiri." "Mbona umekonda, una nini?" Kunenepa ni raha, ni kutunzwa. Kukonda ni shida, ni maradhi, ni mume asiyelisha. Haya hayakutoka hewani. Njaa tumeijua. Na wenye umri wa kutosha mnaikumbuka miaka ya 1990, ukimwi ulipokuwa hauna dawa ya kufikiwa na mtu wa kawaida; jirani zetu Uganda waliuita Slim, yaani mwembamba. Mtu akipungua kilo mbili, mtaa mzima unanong'ona. Wanawake waliokuwa wazima kabisa waliogopa kupungua, wasije wakasemwa. Hofu hiyo iliingia mpaka jikoni, na haijatoka.

Na wengine sasa wanavutwa upande wa pili. Binti anashika simu kutwa, anaona viuno vilivyobanwa na picha zilizosahihishwa, anaacha chakula cha mchana, anakunywa chai za kuharisha. Katika nyumba moja, kwa chakula kimoja, bibi anamwambia mjukuu "ongeza wali, umekuwa mifupa", na mjukuu anajiona mnene. Nani kati yao anauona mwili ulivyo? Hakuna.

Jicho hupima kwa kulinganisha. Likizungukwa na wanene, mnene huonekana wa kawaida. Utafiti wa Kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2014 ulionyesha wanawake 33 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 hapa Kenya wana uzito uliozidi au unene wa kupita kiasi. Ule wa mwaka 2022, uliohesabu wa miaka 20 hadi 49, ulipata 45 katika kila 100. Makundi ya umri hayalingani, kwa hiyo tusiziweke nambari hizo kama ngazi moja. Lakini zitazameni: karibu nusu! Tukikaa sita kwenye mkeka, na watatu wamezidi, jicho litajuaje kawaida ni ipi?

Na mavazi yetu yanatusaidia kutoona. Leso haina saizi. Dera halina saizi. Buibui limekatwa pana. Huu ni ukarimu mkubwa wa mavazi ya pwani, na hatusemi hata kidogo muyaache: mwanamke hubeba mimba, huzaa, hunyonyesha, huzeeka, na leso ile ile inamtosha. Lakini nguo isiyobana haitoi habari. Bibi zetu walikuwa na utunda wa shanga kiunoni, umefungwa kwa uzi usiovutika. Ukianza kukata nyama, mtu anajua ameongezeka bila kuambiwa na mtu. Leo wengi hatuna utunda, na sketi zetu zina lastiki. Lastiki hupanuka kimya kimya, sentimita kumi na tano, hata ishirini, na asubuhi unaivaa kama ulivyoivaa mwaka juzi.

Sasa zahanati. Pale unapimwa kilo na urefu, inatoka nambari nyingine, inayoitwa BMI: uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu kwa mita, kisha ugawe tena kwa urefu huo huo. Mwanamke wa sentimita 160 mwenye kilo 64 anapata 25. Akiwa na kilo 77 anapata 30. Chini ya 18.5 amepungua mno, na kwa urefu huo ni kama kilo 47. Kuanzia 25 amezidi, kuanzia 30 ni unene wa maradhi.

Nambari hii nayo ina historia. Aliyeitunga ni Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, miaka ya 1830. Hakuwa daktari; alikuwa mtu wa nyota na takwimu, akitafuta wastani wa watu wengi kwa pamoja. Hakuwa akimwangalia mwanamke mmoja aliyekaa mbele yake na presha. Jina inalojulikana nalo leo lilitolewa na Ancel Keys mwaka 1972. Na mpaka wake umewahi kuhamishwa kama saizi za nguo: Marekani, kwa wanawake, mpaka wa kuzidi ulikuwa 27.3, mwaka 1998 ukashushwa hadi 25. Mamilioni ya watu walilala wakiwa wa kawaida wakaamka wamezidi, bila kuongeza hata gramu. Tena mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakasema kwa watu wenye asili ya Asia hatari huanza kupanda mapema, karibu 23, na humu mjini tunao wengi wenye asili hiyo.

Je, tuitupe? La, msiitupe. Inasaidia kama mlango wa kwanza. Lakini haijui mafuta yako yako wapi, na mahali yalipo ndipo penye habari yote. Mafuta ya makalio na mapaja yana utulivu. Mafuta ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na matumbo, ndiyo yanayoshirikiana na kisukari na presha. Wanawake wawili wa kilo sawa, urefu sawa: mmoja amejaa chini, mwingine amejaa tumbo. Mizani inawaita pacha. Futi kamba inawatofautisha mara moja.

Shikeni ule uzi mliopewa mlangoni. Kila mmoja amekatiwa uzi wa urefu wake, toka utosini hadi kisigino, bila viatu. Umepata wako? Ukunje katikati, ncha na ncha zikutane. Huo sasa ni nusu ya urefu wako. Leo jioni, faraghani, bila dera wala sidiria ya kubana, uzungushe tumboni. Ncha zikikutana au kupita, mzunguko wa tumbo lako hauzidi nusu ya urefu wako, na hapo ndipo tunapotaka. Zisipokutana, umezidi, na ni sababu ya kwenda kupima presha na sukari. Hakuna lebo hapo, hakuna mizani, hakuna wa kukutazama. Kwa mwanamke wa sentimita 160, nusu ni 80, na 80 hiyo ndiyo hiyo hiyo Shirika la Afya Duniani linayotaja kwa wanawake kuwa mwanzo wa hatari. 88 ni hatari kubwa zaidi. Kwa inchi, ni 31 na nusu, na 34 na nusu. Mwenye mimba hahusiki na kipimo hiki, na aliyezaa juzi asubiri.

Wapi hasa pa kuzungushia? Hapa ndipo wengi hukosea, na mafundi mnahitaji kusikia. Fundi hupima kiuno pale palipo pembamba, au pale sketi itakapokaa. Zahanati haipimi hapo. Tafuta kwa vidole ubavu wa mwisho chini. Tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hiyo miwili, ubavuni, ndipo. Kwa mwenye tumbo, tofauti ya mahali hapa na kiuno cha fundi yaweza kuwa sentimita kadhaa. Simama miguu imeachana kidogo, mikono imelegea. Vuta pumzi, itoe kwa kawaida, na mwisho wa kuitoa ndipo usome. Wengi huvuta tumbo ndani wakiona futi. Mficha uchi hazai, mama zangu. Futi ilale sambamba na sakafu mzunguko mzima, iguse ngozi bila kuikata. Pima mara mbili. Zikipishana zaidi ya sentimita moja, rudia.

Na futi yenyewe ni nzima? Futi ya kitambaa au ya plastiki ikitumika miaka, huvutika, na ncha yenye chuma hulegea. Ilaze kando ya rula ya chuma. Ikiwa sentimita 30 za futi hazilingani na 30 za rula, umekuwa ukishona nguo pana au nyembamba bila kujua sababu.

Mafundi, sasa ni zamu yenu, na tunasema kwa heshima: daftari lako la vipimo linajua mambo ambayo hata daktari wa mteja hayajui. Una kifua chake, kiuno chake, makalio yake, Idi kwa Idi, harusi kwa harusi. Je, unaandika tarehe? Wengi hawaandiki, na wanakata vipimo vya zamani na kuandika vipya juu yake. Usikate. Andika chini, na tarehe. Mteja ambaye kiuno kimeongezeka inchi mbili katika mwaka ilhali makalio yamebaki pale pale, ana jambo la kuangaliwa. Na yule aliyepungua ghafla bila kujinyima, anakunywa maji sana, anakojoa usiku, au anakohoa wiki mbili, naye aende haraka: kisukari hukondesha, kifua kikuu hukondesha. Usimpongeze. Mwite pembeni, umweleze kwa sauti ya chini. Kamwe usitamke kipimo chake mbele ya wateja wengine. Mwanamke aliyeaibishwa dukani harudi, na zahanati pia haendi.

Kuhusu nguo yenyewe, acha akiba. Gauni lina mishono miwili ya ubavuni, kila mmoja una kingo mbili, jumla nne. Ukiacha sentimita mbili na nusu kila ukingo badala ya moja, utaweza baadaye kuachia moja na nusu kila ukingo, na gauni litapanuka sentimita 6. Hiyo ni zaidi ya inchi mbili kwa kitambaa kidogo tu. Bitana nayo iachiwe sawa, maana gauni lililoachiwa nje na kubanwa na bitana litachanika kwenye zipu. Kwapa pia lifuate, ama sivyo mkono utavuta. Pamba ukiipiga pasi juu ya kitambaa chenye unyevu, matundu ya mshono wa zamani hujifunga. Satini haisahau, kwa hiyo satini ipimwe kwa makini mwanzoni.

Na mnunuzi wa mitumba, achana na lebo. Funga kifungo, laza nguo, pima kifua kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili. Kitambaa kisichovutika kikuzidi sentimita tano hadi saba kifuani, tano makalioni, mbili au tatu kiunoni. Ikibidi uchague, chagua inayotosha makalio. Kiuno fundi atakipunguza kwa nusu saa, lakini makalio yaliyokosa kitambaa hayana dawa.

Msinunue nguo ndogo eti iwahimize kupungua. Inakaa kabatini, kila asubuhi inakusema. Nguo ikukae leo, kwa mwili wa leo.

Ya kupunguza tumbo hatutayamaliza leo, ila mawili. Mkaja wa arobaini unashikilia tumbo, unampa mzazi faraja, lakini hauyeyushi mafuta, na ukikazwa mno unasukuma mzigo chini kwenye nyonga. Na chai: vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu vidogo vya sukari kila kimoja, ni vijiko tisa, karibu gramu 36, kabla hujaonja kaimati wala soda. Shirika la Afya Duniani linapendelea kama 25 kwa siku nzima. Anzeni hapo, kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi utazoea. Mwenye kilo 80 akipunguza nne tu, mara nyingi presha na sukari huonyesha nafuu, hata kama saizi ya gauni haijabadilika na mtaa haujaona kitu.

Tukitoka, meza ya kwanza karibu na mlango ni ya presha. Kaeni kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila kuzungumza. Meza ya pili iko nyuma ya pazia, ni ya tumbo, na wapimaji wote ni wanawake. Meza ya tatu ni ya mafundi. Rula ya chuma iko pale. Leteni futi zenu tuzilinganishe, na iliyovutika tuikate hapo hapo, isirudi dukani.